Barua Zenu: Tissot, mtoto wa muuza vitambaa

Toleo lililopita tuliweka jalada la nyuma picha ya dansi juu ya meli, mabibi wamevaa magauni ya mikia mirefu, bendera za nchi mbalimbali zimefungwa juu kuwa paa la kivuli, na chini tukaandika tu James Tissot, karibu 1874, basi. Tukadhani watu watafungua kurasa za mpira na kuendelea na maisha. Kumbe! Meseji zimeingia kutoka Jinja, Masaka, Mbale, wengine wamepiga picha jalada lenyewe wakazungushia wino mwekundu pale wanapouliza. Haya, leo ukurasa mzima ni wake.

Mwalimu shikamoo. Mimi nashona magomesi na nguo za harusi hapa Jinja. Ile picha muliyoweka nyuma nimeikata nikaibandika ukutani karibu na cherehani. Swali langu ni moja tu, huyu mtu alijuaje nguo namna hii? Naona marinda yanapoanzia, naona fundi alipokaza kiuno, mpaka pindo naliona limechoka kwa kuburutwa. Wachoraji wetu wakichora gomesi ni rangi tu imemwagwa pale. Kwani alikuwa fundi?
Fundi wa kike, Jinja

Marahaba fundi. Hakuwa fundi cherehani lakini alizaliwa katikati ya majora. Ni Nantes, mji wa bandari huko magharibi mwa Ufaransa, tarehe 15 Oktoba 1836, baba yake akifanya biashara ya vitambaa na mama yake akiwa kwenye kazi ya kofia za wanawake, sasa mtoto wa nyumba hiyo hahitaji kufundishwa kwamba hariri na pamba hazianguki sawa, amelala juu ya hizo robota tangu mdogo.

Alipofika miaka kama 20 hivi akaenda Paris kusoma uchoraji, mwalimu wake mmoja ni Louis Lamothe ambaye naye alipita mikononi mwa mchoraji mkubwa Ingres, na shule ya akina Ingres ilikuwa na sheria moja ngumu: mstari kwanza, rangi baadaye. Ndo maana unaona mshono. Mchoraji anayeanza na rangi anakupa gauni likiwa doa zuri, anayeanza na mstari lazima ajiulize hili rinda limetoka wapi na linakwenda wapi, na Tissot hakubali rinda lipotee njiani. Chukua picha zake zenye nguo za mistari, fuata mstari mmoja kwa kidole kuanzia begani mpaka chini, utaona unavyopinda kwenye kifua, unavyobanwa kiunoni, unavyotoweka ndani ya mkunjo na kutokea ng'ambo ya pili mahali hasa ungetokea kama ungekuwa umekata kitambaa wewe mwenyewe.

Halafu kuna siri ambayo wewe utaipenda. Nguo nyingi zinarudi. Kuna gauni moja jeupe la melimeli lenye riboni za njano, ukishalijua utaliona kila mahali: linavaliwa kwenye picha ya mwaka 1876 iliyopo makumbusho ya Tate kule London, linavaliwa tena kwenye ile anayoiita Julai ambayo iko Cleveland huko Marekani, halafu kwenye nyingine bibi amejilaza nalo huku nje dhoruba inapita. Yaani nguo zilikaa stoodio, modeli anakuja anavalishwa, kwa hiyo mzee alikuwa na mwaka mzima wa kulitazama gauni moja kwenye jua, kwenye mawingu, limekaa, limesimama. Hata kwenye hiyo picha yako ya ukutani hebu rudi uitazame vizuri, kuna mabibi wamevaa gauni la aina moja kabisa. Wahakiki wa London walimsema kwa hilo, jarida moja likaandika kwamba katika kundi lote hilo la wanawake hakuna leidi hata mmoja, ni maonyesho ya nguo tu. Roho mbaya lakini wamechungulia!

Moja ya mwisho. Mwaka 1866 alimchora bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Marquise de Miramon, amesimama karibu na meko amevaa vazi la nyumbani la rangi ya waridi lenye marinda shingoni mpaka chini. Picha iko makumbusho ya Getty, Los Angeles. Pamoja na picha hiyo familia ilikuwa imetunza kipande cha kitambaa chenyewe, kile cha waridi, na makumbusho wanacho mpaka leo. Wewe unayekwenda Kiyembe na kipande mkononi kulinganisha rangi utaelewa kwa nini hawakukitupa.

Sasa mbona mnasema Mfaransa na jina ni James? Huyo ni Mwingereza bwana, msitudanganye.
Wa boda, Wandegeya

Alibatizwa Jacques Joseph. James alijipa mwenyewe akiwa kijana, maana siku zile mambo ya Kiingereza yalikuwa fasheni Ufaransa, farasi wa Kiingereza, suti za Kiingereza, klabu za Kiingereza. Alipoonyesha kazi kwa mara ya kwanza 1859 kwenye Salon, yale maonyesho makubwa ya serikali, alishakuwa James. London kweli alikaa, miaka 11, lakini nitafika hapo.

Mwalimu samahani lakini mnapoteza ukurasa. Nasoma sanaa Makerere mwaka wa pili. Wakati huohuo Degas na Monet walikuwa wanabadilisha uchoraji wote, huyu Tissot anawapaka matajiri mafuta. Mchoraji wa mabwanyenye ni mlamba viatu tu, au?
Mwanafunzi, Makerere

Kijana, karibu, hasira yako ni nzuri na sehemu fulani una haki, kwa hiyo ngoja nikupe kwanza zile silaha za upande wako halafu nizichukue moja moja.

Kweli alipenda pesa na alizipata. Mwaka 1860 serikali ya Ufaransa ilinunua picha yake ya Faust na Marguerite kwa faranga 5,000, kijana hajafika hata 25. Mwaka 1868 akachora wanaume 12 wa klabu moja ya watu wazito pale Rue Royale, wamejiachia kwenye baraza inayoangalia uwanja wa Concorde, fimbo, kofia ndefu, na mbwa wa madoadoa amelala chini hana habari nao. Kila mmoja alilipa faranga 1,000, na kwa vile picha ni moja na wenye mali ni 12 wakapiga kura nani ataipeleka nyumbani, ikamwangukia Baron Hottinguer. Ilikaa kwenye ukoo huo mpaka 2011, Musée d'Orsay wakainunua kwa kama yuro milioni 4. Alipohamia London akanunua nyumba St John's Wood yenye bustani, bwawa na nguzo, na mwandishi Edmond de Goncourt akaandika kwenye shajara yake mwaka 1874, kwa wivu usiojificha, kwamba wageni wa stoodio wanakuta shampeni ya baridi inawasubiri na mtumishi wa soksi za hariri anafuta vumbi majani ya miti ya bustani mchana kutwa.

Kuna zaidi. Degas alikuwa rafiki yake wa karibu sana, alimchora mwaka 1867 hivi, picha iko Metropolitan New York, Tissot amekaa kiti upande, fimbo mkononi, ameegemea meza kama mtu anayesubiri kuondoka. 1874 Degas akamwandikia barua kumbembeleza aonyeshe pamoja nao kwenye yale maonyesho ya kwanza ya waliokuja kuitwa Waimpreshonisti. Tissot akakataa. Soko lake lilikuwa London na alijua. Na Ruskin, mhakiki aliyekuwa anaogopwa kuliko wote Uingereza, mwaka 1877 akazisema kazi zake kuwa ni picha za kamera tu zilizotiwa rangi, tena za watu wasio na adabu.

Haya, kesi yako hiyo, nimekupa yote. Sasa tazama picha moja, mwaka 1873, inaitwa Too Early, iko Guildhall pale London. Ni ukumbi wa dansi, sakafu inang'aa, tupu. Katikati wamesimama wageni wachache waliofika mapema mno: baba mmoja mzee na mabinti zake, mmoja ameshika feni yake hajui aipeleke wapi, macho yanatafuta mahali pa kutua. Mwenye nyumba yuko kule mwisho anawapa wanamuziki maagizo, hata hajawageukia. Na mlangoni, kwenye ule upenyo, vijakazi wawili wanachungulia na kucheka. Wewe ulishawahi kupewa kadi ya kwanjula, ile sherehe ya utambulisho ukweni, imeandikwa saa nane, ukafika saa nane, ukakuta watu wanashusha viti kwenye lori? Basi ni hapohapo. Hakuna aliyetukanwa kwenye picha, nguo zote ni safi, lakini waliochekwa ni matajiri na wanaocheka ni watumishi, na mnunuzi wa picha ni tajiri. Mlamba viatu hafanyi hivyo. Mlamba viatu anaufunga ule mlango.

Mimi nasema hivi, na unaweza kunibishia: Monet alitazama mwanga, Tissot alitazama watu wanavyotazamana. Nani anamwangalia nani, nani anajifanya haoni, nani kasimama karibu kupita kiasi. Miaka ya 1883 mpaka 1885, amesharudi Paris, akachora mfululizo wa picha 15 kubwa kuhusu mwanamke wa Paris, na humo mabibi wa dansi wapo lakini yupo pia msichana wa dukani. Iko Toronto hiyo. Msichana amevaa nyeusi, anakufungulia mlango, kifurushi mkononi, uso wa heshima ya kazi ambao haukwambii chochote. Mezani riboni zimevurugwa, moja ya waridi imeanguka sakafuni. Nje ya dirisha bwana wa kofia ndefu anamkodolea macho msichana mwingine anayepanga bidhaa. Sasa wewe unayetazama picha uko wapi? Uko ndani, wewe ndo mteja unayetoka, umefunguliwa mlango wewe. Amekuingiza kwenye biashara hujaulizwa.

Kuhusu kuikimbia Paris, kama nilivyoahidi kule juu: vita na Wajerumani 1870 alibeba bunduki kulinda mji, na baada ya Komuni, ile serikali ya waasi wa Paris, kuzimwa kwa damu 1871 akavuka kwenda London karibu mikono mitupu. Aliyemshika mkono ni Thomas Gibson Bowles, mwenye gazeti la Vanity Fair, ambaye tayari alikuwa anachapa vikaragosi vya Tissot vya wakubwa. Kwa hiyo yule mtu wa shampeni miaka mitatu nyuma alikuwa mkimbizi. Hapa Uganda watu kama hao tunawajua, mtu anafika na begi moja, baada ya muda ndiye mwenye duka kubwa mtaani.

Mwalimu habari. Nilitafuta picha zake zingine kwa simu, naona mwanamke mmoja anarudi rudi, mrembo lakini kama mgonjwa. Ni mke wake? Kuna watoto pia. Naomba hadithi yote, usifiche.
Mama wa watoto watatu, Mbale

Sifichi mama. Anaitwa Kathleen Newton, na hakuwa mke wake wa ndoa.

Alizaliwa 1854, jina la nyumbani Kelly, Mkatoliki wa asili ya Ireland. Baba alifanya kazi India, na binti akiwa na miaka 16 wakampangia mume huko, daktari mmoja wa upasuaji, akapandishwa meli kwenda kuolewa. Melini kapteni mmoja akamwandama. Wakafunga ndoa Januari 1871, na msichana, kwa kufuata ushauri wa padri, akamweleza mume wake ukweli kuhusu yule kapteni. Mume akamrudisha akaomba talaka. Desemba mwaka huohuo akajifungua mtoto wa kike, Violet, yuko kwao Uingereza, ana miaka 17, ametalikiwa. Kijana wa kiume Cecil alizaliwa Machi 1876, wengi wanasema ni wa Tissot.

Kuanzia 1876 hivi Kathleen akahamia kwa Tissot, St John's Wood. Watoto walikaa kwa dada yake Kathleen hapo jirani, wanakuja bustanini kucheza, ndo hao unaowaona wamejificha nyuma ya viti. Kwa kanisa lao mtalikiwa haolewi tena mume yupo hai, na kwa majirani mwanamke wa hivyo hakaribishwi chai, kwa hiyo yale maisha ya mialiko yakakatika, Tissot akabaki na marafiki wachache wasanii na hiyo bustani. Na kachora. Kathleen na mwavuli, Kathleen na gazeti, Kathleen amevaa nyeusi chini ya majani ya manjano ya mchestnati, hiyo inaitwa Oktoba, ya 1877, iko Montreal, ametugeuzia shingo huku anakwenda zake na kitabu kwapani. Hiyo ndo ninayoipenda kuliko zote alizochora, zikiwemo zile kubwa za makumbusho.

Ule ugonjwa uliouona ni kifua kikuu. Picha za 1881 na 1882 amefungwa blanketi kwenye kiti, macho makubwa, mashavu yameingia, na Tissot hakuacha kuchora, sijui kama ni upendo au ni kushindwa kufanya kingine, labda hivyo viwili havitenganiki. Alikufa 9 Novemba 1882, miaka 28. Ndani ya wiki moja Tissot alikuwa ameondoka kwenda Paris, kaacha nyumba na rangi zake. Nyumba ilikuja kununuliwa na mchoraji mwingine tajiri, Alma-Tadema.

Na jambo la kusikitisha mama: miaka mingi walioandika vitabu hawakujua hata jina lake, walimwita tu yule wa siri. Ni mwaka 1946 ndo mpwa wake, aliyekuwa mtoto kwenye hizo picha za bustani, akajitokeza akasema huyo ni shangazi yetu, sorry, mama mdogo wetu maana ni dada wa mama yake, jina lake ni hili.

Mwalimu Yesu asifiwe. Katika parokia tuna kitabu cha zamani cha picha za maisha ya Bwana wetu na chini imeandikwa J. Tissot. Ni huyohuyo wa magauni? Aliokoka? Na tunaweza kuzichapa kwa ajili ya Njia ya Msalaba bila kushtakiwa?
Katekista, Masaka

Milele amina. Ni huyohuyo.

Hakuingia moja kwa moja lakini, kuna kona kwanza ambayo katekista hutaifurahia. Baada ya kumzika Kathleen alitafuta watu wa kuongea na mizimu. Tarehe 20 Mei 1885 alikuwa London kwenye kikao cha mganga wa mambo hayo, William Eglinton, akasadiki kabisa kwamba Kathleen amemtokea na mwanga mikononi, akarudi nyumbani akaichora. Mwaka huohuo, ule mfululizo wa wanawake wa Paris ulimpeleka kanisa la Saint-Sulpice kutafuta mandhari ya picha ya mwanamke anayeimba kwaya, kazi tu, na katikati ya misa, padri anainua hostia, akaona maono: watu wawili maskini wamekaa kwenye magofu, na Kristo amekuja kukaa nao ana majeraha. Mwenyewe ndivyo alivyosimulia.

Basi Oktoba 1886 akafunga safari ya Palestina, na aliondoka siku aliyotimiza miaka 50. Ninyi wa Masaka piga hesabu, ni miezi michache tu baada ya Juni 3 ya mashahidi wetu wa Namugongo. Alikwenda tena 1889 na tena baadaye, anachora milango, vilima, sura za watu, visima. Matokeo ni picha 350 za rangi za maji, nyingi ndogo, za maisha ya Yesu. Zilipoonyeshwa Paris 1894 watu walivua kofia, wengine walipiga magoti mbele ya ukuta. Zikaenda London, zikaenda Marekani, na mwaka 1900 makumbusho ya Brooklyn yakazinunua kwa dola 60,000, pesa nyingi yake ikichangwa na wananchi. Ndizo zilizoingia kwenye vitabu, kalenda na kadi za komunyo ulimwengu mzima.

Maoni yangu sasa. Nyingi si nzuri kama watu wanavyosema. Tissot aliamini kwamba Mashariki haijabadilika tangu zama za Kristo, kwa hiyo akachukua wachuuzi wa Yerusalemu wa miaka ya 1880 akawavalisha jukumu la mitume, kilemba kilekile, na hilo ni kosa la watu wa wakati wake wote, kudhani wenzao hawana historia. Halafu katikati ya umati huo Yesu mwenyewe anabaki na sura ya Ulaya. Vitambaa lakini, ah, vitambaa ni vilevile, mtoto wa Nantes hakubadilika, kila kanzu ina uzito wake.

Ila iko moja. Imepewa jina Alichokiona Mwokozi Wetu kutoka Msalabani, na kwa ukubwa ni sentimita 25 kwa 23 tu. Wachoraji kwa karne zote wamesimama chini wakatazama juu msalabani. Tissot alipanda. Unatazama chini, kwa macho Yake: Magdalena amepiga magoti chini ya msalaba, Mama Maria amejishika kifua, Yohane, askari, wakubwa juu ya farasi waliokuja kuona, kule nyuma yao kaburi liko wazi mwambani, na ukiangalia ukingo wa chini kabisa unaona ncha za vidole vya miguu. Ni vya Kwake. Hapo yule mchoraji wa dansi za melini ametumia ujuzi wake wote, nani anamtazama nani, na safari hii wote wanakutazama wewe.

Kuchapa chapa. Alifariki 8 Agosti 1902, haki za mchoraji zilishakwisha zamani, na Brooklyn wameziweka kwenye tovuti yao. Chukueni zenye saizi kubwa kutoka hapo, msipige picha kile kitabu chenu cha zamani kwa simu, kitatoa rangi ya chai. Na msizitanue mpaka zikawa mabango, ni picha za kushikwa mkononi.

Mimi nachora sura za watu kwa oda, Kabalagala, wengi wananitumia picha ya simu ya siku ya kwanjula. Wanataka nipunguze tumbo, niwafanye weupe kidogo, nitoe makovu. Huyu Tissot wateja wake hawakumsumbua? Alifanyaje?
Mchoraji, Kabalagala

Ssebo pole, kazi hiyo naijua. Hakuwa mtakatifu, aliwapendezesha, ila tazama alipopendezesha. Uso aliuacha. Alipanga mwili, nguo na mahali.

Mfano mzuri ni Kapteni Frederick Burnaby, wa 1870, iko National Portrait Gallery London, iweke kwenye simu yako wakati unasoma hapa. Burnaby alikuwa jitu, karibu mita 1.93, askari wa farasi, na mchoraji mwingine angemsimamisha kwenye kanvasi ya kufika darini. Tissot alitumia ubao mdogo, kama nusu mita kwa sentimita 60, akamlaza. Amejinyoosha kwenye kochi, sigara vidoleni, anamaliza hadithi fulani, na ule mstari mwekundu wa suruali ya jeshi unakata picha yote kutoka kiunoni mpaka kiatu. Ndo urefu wake wote huo, hujaambiwa, umeupima mwenyewe kwa macho. Ukutani ramani ya dunia, pembeni deraya na kofia ya vita inang'aa. Tumbo hakulipunguza maana mkao umeshalimaliza.

Kwa hiyo akija mteja wako usianze na picha ya simu. Mwambie aje na gomesi au kanzu yenyewe, mkalishe karibu na dirisha asubuhi, mpe kitu cha kushika, mwache aongee mpaka asahau kwamba anachorwa, halafu ndo upige picha zako mwenyewe za kufanyia kazi. Malipo nusu kabla hujachanganya rangi. Akisisitiza umfanye mweupe mwambie rangi hiyo imeisha dukani.